Bibi Mkaguzi Alipoketi Mkekani

Jumatatu, 13 Juni 1955. Njombe.

Asubuhi: sakitu, umande ulioganda kwa baridi, nyeupe mpaka mlangoni mwa bweni. Upepo hakuna. Jua lilitoka kabla ya kengele ya pili. Jana nililala saa tatu na nusu.

Vitanda vimekaguliwa, kucha zimekaguliwa, kuni zimeletwa. Uji ulikuwa mwepesi. Mwanafunzi wangu Sigrida amechelewa tena kwa sababu anatembea huku akisoma, akajikwaa kwenye kinu.

Somo la kwanza, Kiingereza. Tunaendelea na get. Hii ni wiki ya tatu na sijachoka nalo. Nilipokuwa Tabora nilifundishwa kwamba get ni kupata, basi. Nikaandika, nikapewa alama. Sasa ninaona kwamba nilionyeshwa mlango tu, nyumba yenyewe sikuingizwa. Waingereza wanalitumia neno hilo moja kwa barua inayofika, homa inayoanza, nguo inayolowa, usiku unaoingia. Kwa mtu anayepanda basi na kwa mtu anayeshuka. Anayeoa. Anayezeeka. Anayeelewa mzaha baada ya wenzake kumaliza kucheka. Yote hayo ni get! Siku nilipoanza kuyakusanya nilicheka peke yangu jikoni mpaka mpishi akanitazama.

Kisha nikaitazama pata yetu. Kupata mtoto. Kupata ajali. Kupata nafuu. Kisu kinachopata na kisu kisichopata. Sisi nasi tunaye mzururaji wetu. Hatumwoni kwa sababu tumekua naye.

Sifundishi get kwa ubao. Ninaamrisha, wanatenda. Get up, wanasimama. Get the bucket, ndoo inaletwa. Get in line, wanajipanga. Hakuna tafsiri. Neno linaingia kwa miguu kwanza, kichwa kinafuata. Njia hii nimeitunga mwenyewe na ninaipenda kuliko kitu chochote nilicho nacho.

Mchana habari imekuja kutoka bomani. Mkaguzi wa shule za wasichana anakuja Alhamisi. Ni mwanamke. Atakaa siku moja tu.

Basi ndiyo hiyo. Darasa la Tano lilifunguliwa mwaka huu kwa majaribio. Akiridhika, wanaendelea mpaka la Nane. Asiporidhika, wanarudi nyumbani na mimi ninapelekwa kufundisha ushonaji mahali pengine. Baba yake Sigrida amekwisha kupokea wageni wa posa mara mbili. Amewaambia, tuone kwanza kama shule ipo. Hakuna haja ya kuandika zaidi.

Ninaogopa. Lakini nina furaha kuliko hofu. Acha aje aone.

Jumanne, 14 Juni.

Asubuhi: ukungu mzito, mwerezi wa kanisani hauonekani. Nililala saa nne.

Danieli ameleta mahindi. Ni dereva wa lori la viazi, anapita hapa mara mbili kwa juma kwenda Makambako. Alikuwa askari Burma. Kiingereza chake alikitoa kwa sajini mmoja wa kule na chote ni get. Get up, get down, get out, get moving. Anasema sajini yule hakuwa na neno jingine na vita alishinda.

Nilimwuliza kama alikuwa akielewa maana zote hizo. Akaniangalia kama anavyoangalia injini mbovu.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nalala chini kwanza. Waliokuwa wakiuliza maana wamebaki kule."

Nimeliandika hili kwa sababu ndiyo njia yangu ya kufundisha kwa maneno machache.

Alipoondoka akawapigia kelele wasichana waliosimama getini na ndoo zao: "Get moving!" Wote wakatimua mbio mpaka kisimani, maji ya jana yakiwarukia, wakicheka. Mama Rabeka akatoka jikoni kuuliza kama kuna chui.

Mama Rabeka ni mjane wa mchungaji, ndiye mlezi wa bweni. Kiingereza hajui na hataki. Anasema lugha moja ya wageni yatosha, nayo ni Kiswahili.

Jumatano, 15 Juni.

Asubuhi: baridi kavu, mbingu safi. Nililala saa nne na nusu.

Mazoezi. Hawakukosea hata moja. Nilichanganya amri kwa makusudi, up baada ya down, in baada ya out, nikaharakisha mpaka mimi mwenyewe nikapotea. Wao hawakupotea. Sigrida akaniuliza kwa Kiingereza, "Teacher, are you getting tired?" Sikumfundisha sentensi hiyo. Ameiunda. Nilitaka kumkumbatia, nikamwambia afute ubao.

Kiti cha mgeni kimeandaliwa. Ni kile cha marehemu mchungaji, chenye mikono. Kimepakwa mafuta. Mkeka mpya umetandikwa kwa ajili ya wasichana.

Kesho!

Alhamisi, 16 Juni.

Asubuhi: sakitu. Nililala saa sita. Nisingelala kabisa ingekuwa heri.

Tumeshindwa.

Niandike kwa utaratibu. Bibi Mkaguzi alifika saa tatu. Mrefu, mvi, sauti ya upole. Alipoingia wasichana wote walisimama, wakasalimu vizuri kwa Kiingereza. Nilimwonyesha kiti. Akakikataa. Akavua viatu, akaketi mkekani katikati yao, miguu ameikunja upande. Akasema kwa Kiswahili chake cha pwani, "Nakaa kama mmoja wenu, msiniogope."

Wasichana wakashuka wote pamoja, kama ulezi ukipigwa na upepo.

Nikaanza. Sigrida, get up. Sigrida akainamisha kichwa. Nikarudia. Akazidi kushuka, viwiko mkekani. Nikasema get the bucket. Akaenda kwa magoti, akarudi kwa magoti, maji yakimwagika njiani. Get in line. Darasa zima likajipanga kwa magoti, kama bata wanaovuka uwanja. Bibi Mkaguzi akajaribu mwenyewe. "Get up, all of you." Hakuna aliyeinuka. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu likapungua, likapungua, likaisha.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya ubao. Sijui nilichuchumaa saa ngapi. Nilikuta chaki yangu inaandika chini kabisa, karibu na sakafu.

Alipoinuka kuvaa viatu darasa zima likainuka. Hakuona, alikuwa anafunga kamba.

Nje aliniambia kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko ukali. Wamekariri vizuri, alisema, lakini hawaelewi. Neno dogo kama hilo. Labda ni mapema mno kwa wasichana wa huku. Ushonaji wao ni mzuri sana.

Ameondoka kwenda Uwemba kwa masista. Atalala huko. Jumamosi atapanda basi la Iringa pale Makambako.

Nina hasira na sijui na nani. Niliwaadhibu kwa kutowasemesha jioni nzima. Nao hawakusema. Si haki, najua.

Ijumaa, 17 Juni.

Asubuhi: sikutazama. Nililala jogoo wakikaribia kuwika.

Mambo yamegeuka!

Nilikwenda jikoni nikamkuta Sigrida anamenya viazi, macho mekundu. Nikamwuliza kwa nini hakusimama. Akaweka kisu chini.

"Ningesimamaje, Mwalimu? Mgeni yuko chini, ana mvi, mimi nisimame juu yake kama mti? Mama angenichapa mpaka Krismasi."

Nikamwuliza kama alielewa neno.

"Nilielewa mara ya kwanza. Ndiyo maana niliogopa. Nilidhani Mwalimu umerukwa na akili."

Nilikaa chini palepale juu ya gunia. Bila shaka. Bila shaka! Nani huku amewahi kusimama mbele ya mkubwa aliyeketi chini? Bibi yangu alipokuwa anapukusa mahindi sebuleni tulipita nyuma yake kwa magoti, hata tukiwa tunakimbilia nguo zilizoanikwa zisilowe na mvua. Wazungu wengine wote waliotutembelea walikaa kitini na sisi tukasimama, hapakuwa na tatizo. Huyu alitaka kutupendeza, akashuka mpaka chini, na hapo akatufunga miguu. Magoti yangu yenyewe yalijua. Yalinichuchumaza mbele ya ubao na kichwa kikakataa kusikia.

Walielewa kila neno. Wakakataa kutii. Kutokutii kule kulikuwa ni kuelewa! Nilitembea uwanjani mara kadhaa nikisema peke yangu.

Kisha Sigrida akanikumbusha lililobaki. Bibi Mkaguzi hajui.

Nikaenda kwa Mama Rabeka. Danieli anakwenda Makambako kesho alfajiri. Nilitaka ruhusa ya kupanda na wasichana wachache, tumkute kabla ya basi. Mama Rabeka alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Ester mwanangu, umfuate mgeni njiani umwambie amekosea kuketi?"

Nikasema si hivyo.

"Ni hivyo hivyo."

 Ana haki. Ni aibu kubwa. Hata Mbena mwenye wazimu hafanyi hivyo. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliposema, kama anayezungumza na maharage, kwamba jana mgeni aliondoka kwa haraka sana. Kwamba hakuna aliyemsindikiza. Kwamba hakupewa hata kiazi cha njiani. Kwamba mgeni asiyesindikizwa ni deni la nyumba.

"Chukua kikapu kile. Mayai yamo kwenye mtungi. Mkiwa mnamsindikiza, mkiulizwa neno, si mtajibu?"

Nampenda mwanamke huyu.

Wanakwenda Sigrida na wanne wenzake. Wengine wamelia. Nimewaahidi nitawasimulia kila kitu, hata tukishindwa.

Sentensi nimeitayarisha. Fupi, ya heshima. Madam, would you please get up. Nimeisema mara nyingi nikitazama ukuta. Kwa ukuta inatoka vizuri.

Jumamosi, 18 Juni.

Naandika kwa penseli juu ya magunia ya chumvi, lori likirudi Njombe. Herufi zinaruka. Danieli haruki shimo hata moja, anayapitia yote. Sitaki kungoja mpaka nyumbani, nitasahau kitu.

Asubuhi: giza, nyota kali, baridi ya kuuma meno. Nililala saa tano, nikaamka saa tisa.

Tulipanda juu ya magunia ya viazi, mablanketi mawili kwa watu sita, kikapu katikati kama mtoto. Jua likatukuta tumekwisha acha nyuma mashamba ya miti ya miwati. Wasichana waliimba nyimbo zote za kanisani, wakaanza tena. Nilikuwa nasema sentensi yangu moyoni.

Kabla ya nusu ya njia, pancha. Kilimani. Lori likaanza kurudi nyuma taratibu. Danieli akatoa kichwa dirishani na sajini wake akamtoka mdomoni.

"Get down! Get down! Get stones!"

Sikuwa nimesikia vizuri wakati wasichana wamekwisha ruka. Mawe yamekwisha ingia chini ya magurudumu. Wawili wamebeba moja kubwa kati yao kama mtungi wa harusi. Lori likasimama. Hakuna aliyeuliza maana. Hilo ndilo somo zuri kuliko yote niliyowahi kuliona na sikulifundisha mimi. Bibi Mkaguzi angekuwapo! Lakini alikuwa Makambako anangoja basi, na sisi tulikuwa kilimani na gurudumu mkononi.

Danieli alibadilisha gurudumu huku akitukana kwa Kibena, ambacho wasichana wanakielewa vizuri mno. Niliwaambia wazibe masikio. Wakaziba kwa vidole vilivyo wazi.

Makambako. Upepo. Vumbi linaingia hata kwenye meno yaliyofungwa. Basi la Iringa lilikuwa limesimama njia panda, injini inaunguruma, utingo yuko juu ya paa anafunga mizigo. Nilidhani tumechelewa. Sigrida ndiye aliyemwona kwanza. Bibi Mkaguzi alikuwa nje ya hoteli ya chai, ameketi juu ya sanduku lake la bati, kikombe mkononi, mkono mwingine umeshika kofia.

Ameketi! Chini tena! Sanduku lenyewe fupi kuliko kigoda.

Tulikwenda mbio. Tulipofika hatua chache mbele yake wasichana wote watano wakapiga magoti vumbini. Kikapu mbele. "Kamwene," wakamsalimu kwa Kibena. Akashtuka, akatabasamu, akajibu vibaya lakini alijibu. Akatazama mayai, akatazama nguo zetu zilivyojaa vumbi la viazi. Nikafungua mdomo niseme sentensi yangu.

Haikutoka.

Nilikuwa nimepiga magoti mimi pia. Mwanamke mwenye umri wa mama yangu, mgeni, mwenye kushika kazi yangu mkononi, nami nimwambie inuka. Maneno yote nilikuwa nayo. Ulimi haukunyanyuka. Ndipo nilipojua hasa Sigrida alisikia nini siku ile mkekani. Upepo ulivuma. Utingo akapiga paa la basi kwa kiganja. Watu wa hotelini wametoka kutazama mwalimu na wanafunzi wanaosujudu mbele ya sanduku.

Sauti iliyosikika ilikuwa ya Sigrida. Kichwa kimeinama, anaongea na vumbi, lakini kila neno lilisikika.

"Please, madam, you get up first. Then we can get up."

Simama wewe kwanza, ndipo nasi tuweze kusimama. Sikumfundisha hayo. Hayamo katika kitabu chochote nilichosoma.

Bibi Mkaguzi aliweka kikombe chini. Alitazama magoti yao. Akatazama magoti yangu. Akatazama sanduku alilolikalia. Nikaona jambo likimpanda usoni kutoka shingoni, wekundu wote ule.

"Oh," akasema. "Oh, I've got it."

Nimeelewa. Kwa neno lile lile, na sidhani alisikia alilotumia.

Akasimama. Nao wakasimama, wote watano, wamenyooka kama mianzi.

Kilichofuata nakiandika haraka kwa sababu kilikuwa cha haraka. Alianza kuwapa amri hapohapo njia panda, kofia imeanguka mgongoni. Get my box. Sanduku likainuliwa. Get behind me. Get round the bus. Walizunguka basi mbio, abiria wakichungulia madirishani. Get on! Wakapanda wote. Utingo akaruka kutoka paani.

"Nyie, nani kalipa nauli hapa?"

Get off! Wakashuka wote, mmoja juu ya mwingine, utingo akaambaa na mlango. Mama mmoja ndani ya basi akauliza kama hawa ni askari. Danieli aliyekuwa anapakua viazi akajibu kwamba ndiyo, wa kwake.

Kisha Bibi Mkaguzi akaacha amri, akauliza maswali. Mmefikaje hapa? "We got a lorry." Mlipata shida? "Yes, we got a pancha." Akacheka. Mtafika nyumbani saa ngapi? Sigrida akatazama jua, akatazama lori, akamtazama Danieli. "We will get home when Danieli gets his tea."

Nililia. Nikasingizia vumbi.

Dereva wa basi akapiga honi. Bibi Mkaguzi akanivuta pembeni. Alisema Kiswahili, polepole.

"Mwalimu, nilikaa chini wasiniogope."

Nikasema, ndiyo, Bibi. Ndiyo sababu.

Akairudisha kofia kichwani. Akasema atafika ofisini Jumatatu na jambo la kwanza atakalosema ni kwamba Darasa la Tano linaendelea. Mwakani atakuja kulikagua la Sita yeye mwenyewe. Akaniuliza kama kile kiti chenye mikono kitakuwapo. Nikasema kitakuwapo na kitapakwa mafuta.

Akashikana mkono na kila msichana, akiwa wima. Akapanda na kikapu chake mapajani. Basi likaondoka, na Sigrida, Mungu amsamehe, akalipigia kelele kwa sauti ya sajini: "Get moving!" Mkono mmoja ukatoka dirishani na kofia.

Danieli amekunywa chai vikombe vitatu vya bure, kwa sifa tu. Sasa anaimba. Wasichana wamelala juu ya chumvi, mmoja amelalia mguu wangu na mguu umekufa ganzi. Sitausogeza.

Jumapili, 19 Juni.

Asubuhi: ukungu, kisha jua dogo. Hakuna sakitu.

Kanisani. Baada ya ibada baba yake Sigrida alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, fimbo kati ya magoti. Sigrida akaenda, akapiga magoti, akamsalimu. Sikusikia walichosema. Kisha baba akaniita. Aliuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, mpaka la Nane. Akafikiri kidogo, akachora mstari mchangani kwa fimbo, akaufuta.

"Basi wale wageni nitawaambia waende wakatafute kwingine."

Akainuka, akajikung'uta. Sigrida naye akainuka.

Mchana nimefua. Blanketi moja limetoboka, nimelishona. Mkeka nimeukunja nikauweka juu ya kabati.

Saa ya kulala jana sikuiandika. Niliketi kitandani kuvua viatu, ilikuwa saa moja jioni. Mama Rabeka anasema aliponifunika saa moja na dakika tano nilikuwa nimelala, na viatu nilikuwa navyo miguuni.